Kuvu Hupitia Wapi? Mialoni Inayokufa Ughaibuni na Miti Yetu ya Nairobi

Mwaloni mwekundu wa Amerika Kaskazini ukipatwa na ugonjwa wa mnyauko mwanzoni mwa majira ya joto, huenda usiumalize msimu huo ukiwa hai. Majani hubadilika rangi kuanzia nchani na pembeni, yakawa ya shaba huku sehemu iliyo karibu na kikonyo ikiwa bado ya kijani, kisha hudondoka kwa wingi wakati ambapo miti mingine yote ya mtaa imestawi. Na katika majuma machache, mti uliokuwapo kabla ya nyumba zinazouzunguka kujengwa unabaki matawi matupu. Dadangu anayeishi Minnesota ndiye aliyenitumia picha ya kwanza ya mti wa namna hiyo, akaniambia kwamba jirani zake hawathubutu kukata tawi la mwaloni kuanzia Aprili hadi Julai. Nilimuuliza mwezi una uhusiano gani na msumeno. Jibu lake lilinifanya nianze kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuitazama miti ya Nairobi kwa wasiwasi ambao sikuwa nao hapo awali.

Mwaloni si mti tunaoukuta njiani hapa kwetu. Wengi tulilisikia jina lake kanisani, katika habari za Abrahamu penye mialoni ya Mamre, au za Absalomu aliyenaswa kwa kichwa katika matawi ya mwaloni mkubwa huku nyumbu wake akienda zake. Hata hivyo ni ukoo mkubwa wenye spishi zaidi ya 400, karibu zote za nusu ya kaskazini ya dunia, na magonjwa yake yamechunguzwa kwa makini kwa zaidi ya karne moja. Uchunguzi huo umenifikisha kwenye jambo ninalotaka kulieleza: kuvu peke yake ni nadra kuwa kisa kizima cha kifo cha mti. Swali lenye kufaa zaidi ni kuvu ilipitia wapi, na iliukuta mti katika hali gani. Na mara nyingi mno njia yenyewe ilifunguliwa na mkono wa binadamu.

Kuvu inayosababisha mnyauko ule huitwa kitaalamu Bretziella fagacearum, na ilitambuliwa Wisconsin katika miaka ya 1940. Haili majani wala haiozeshi shina. Hukaa ndani ya mirija ya mbao changa, ile inayopandisha maji kutoka mizizini, na humo husafiri ikibebwa na maji yenyewe. Mti unapoihisi huanza kujitetea: chembehai zilizo kandokando ya mirija huvimba na kupenya ndani yake, utomvu mzito nao hujazana, mpaka mirija ile inazibika ili adui asiendelee mbele. Kwa bahati mbaya mwaloni mwekundu huchelewa kuanza, kisha huziba kupita kiasi, mithili ya mwenye nyumba anayefunga maji ya ploti nzima kwa sababu bomba moja limepasuka. Majani ya juu hukauka kwa kiu ilhali ardhi ina unyevu wa kutosha.

Mwaloni mweupe hufanya kazi hiyohiyo kwa utaratibu bora. Huziba mapema na katika eneo dogo, kuvu ikafungiwa ndani ya pete ya mwaka huo, nao mti ukaendelea kuishi miaka mingi, pengine ukapona kabisa. Tabia hiyo ya mirija kuzibika ndiyo inayofanya mbao za mwaloni mweupe zitengenezewe mapipa ya mvinyo, kwa kuwa hazivuji, ilhali kipande cha mbao ya mwaloni mwekundu unaweza kukipuliza upande mmoja na hewa ikatokea upande wa pili. Ninaona ni jambo la kustaajabisha kwamba miti miwili ya ukoo mmoja, iliyosimama katika udongo mmoja na kuingiliwa na kuvu moja, hutofautiana kwa kasi na kiasi cha kujitetea tu, na tofauti hiyo ikatosha kuuacha mmoja hai na kuuangusha mwingine.

Sasa njia yenyewe. Mwaloni mwekundu ukisha kufa, kuvu hutanda chini ya gome, na katikati ya mtando huota uvimbe mgumu unaolisukuma gome mpaka likapasuka. Kupitia ufa huo hutoka harufu ya matunda yaliyochacha, nayo huwaita mbawakawa wadogo wanaokula utomvu. Wadudu hao hujipaka spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo, kisha huruka kutafuta utomvu mwingine, na utomvu mzuri kuliko wote kwao ni ule wa jeraha jipya, lililokatwa siku hiyo au siku chache zilizopita. Miezi ambayo mitando hiyo hutokea kwa wingi na wadudu wamechangamka ndiyo miezi ambayo jirani za dadangu huweka misumeno yao stoo. Kwa hiyo mtu anayepogoa mwaloni mwezi wa Mei, kwa nia njema kabisa ya kuupendezesha, huenda ndiye anayeualika ugonjwa. Tawi likivunjwa na upepo katika miezi hiyo, wanashauriwa kulipaka jeraha rangi palepale, ushauri ambao kwa magonjwa mengine ya miti hauna faida kubwa, jambo nitakalolirudia.

Njia ya pili iko chini ya ardhi. Mizizi ya mialoni iliyo jirani hukutana na kuungana, na kuvu huhama kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kuhitaji mdudu yeyote. Huko Texas, ambako mialoni hukua kwa makundi yanayoshiriki mizizi, ugonjwa huenea ukifanya duara linalopanuka kila mwaka. Dawa inayotumika zaidi si ya kunyunyiza. Ni kuchimba mtaro wenye kina cha zaidi ya mita moja, mbele ya mpaka wa ugonjwa, ili kuikata mizizi iliyoungana. Yeyote aliyeutazama mugumo kwa karibu, namna mizizi yake inavyoshikana na kuwa kitu kimoja, hatashangaa kusikia kwamba chini ya bustani miti hugawana zaidi ya kivuli. Njia ya tatu ni lori la kuni. Gogo lenye gome lake huweza kubeba kuvu mbali kuliko mbawakawa yeyote awezavyo kuruka. Mwaka 2023 ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kanada, katika jimbo la Ontario.

Kuna kundi jingine la wauaji wa mialoni ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa la kuvu, na hata leo watu wengi huliita hivyo, ingawa kwa asili liko karibu zaidi na mwani kuliko uyoga. Hilo ni jamii ya Phytophthora, ndugu wa kimelea kinacholeta bakajani chelewa katika mashamba ya viazi ya Nyandarua. Spora zake huogelea. Zinahitaji maji kidogo tu kati ya chembe za udongo ili zifike kwenye mzizi. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi wa wilaya ya Marin, California, walianza kuona mialoni ikitoa majimaji meusi shinani na kufa ghafla. Mnamo 2000 watafiti Matteo Garbelotto na David Rizzo walikitambua kimelea hicho, na 2001 kikapewa jina la Phytophthora ramorum baada ya wataalamu kukielezea kutokana na maua ya bustani yaliyougua Ujerumani na Uholanzi. Maana yake ni kwamba kilikuwa kikisafiri katika vyungu vya miche inayouzwa.

Jambo linalonigusa katika kisa hicho ni kwamba mwaloni wenyewe hausambazi ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa. Unakufa, lakini haumwambukizi jirani. Mti unaozalisha spora kwa wingi ni mlore wa California, ambao majani yake hupata madoa madogo tu na kuendelea kustawi bila shida. Mtu anayeuangalia mti uliokufa peke yake hatakiona chanzo. Lazima auangalie ule wenye afya uliosimama kando yake.

Ndugu wa kimelea hicho, Phytophthora cinnamomi, alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutokana na midalasini ya Sumatra. Huko Hispania na Ureno ndiye anayehusishwa na kudhoofika kwa mialoni inayotoa magamba ya vizibo, na ndiye pia anayeozesha mizizi ya miparachichi duniani kote. Mkulima wa Murang'a ambaye mparachichi wake umepata majani madogo, ya kijani iliyofifia, na mizizi midogo myeusi inayovunjika kwa urahisi, anapambana na adui yuleyule wa mchungaji wa Hispania anayewalisha nguruwe chini ya mialoni. Wote wawili huumia zaidi pale maji yanaposimama ardhini na kisha ukame ukafuata, kwa kuwa mizizi iliyopunguzwa wakati wa mvua haiwezi kuunywesha mti wakati wa jua.

Magonjwa niliyoyataja mpaka hapa yana muuaji anayeweza kunyooshewa kidole. Kudhoofika kwa polepole ni shauri jingine, na ndiko kunakonishughulisha zaidi. Mnamo 1907 ubwiri unga ulizuka kwenye mialoni ya Ufaransa na katika miaka michache ukaenea Ulaya nzima. Ni unga mweupe juu ya majani machanga, na peke yake hauangushi mwaloni mkubwa. Lakini viwavi wakiyala majani ya kwanza, mti hulazimika kutoa majani mapya katikati ya msimu, nayo hayo mororo ndiyo ubwiri unga huyapenda. Mti ukapoteza akiba yake ya wanga mara mbili katika mwaka mmoja. Kisha kuvu ya mizizi iitwayo Armillaria, ambayo imekuwa ikisubiri udongoni kwa nyuzi zake nyeusi nene, ikauona mzizi usio na nguvu ya kujitetea na kuingia. Katika miaka ya 1920 mialoni mingi ya Ulaya ilikufa kwa mfuatano wa namna hiyo. Ni nani aliyeua? Ukimtaja mmoja umewaachilia wengine. (Wakulima wa maembe wa Makueni, wanaoufahamu unga mweupe unaodondosha maua ya miembe, watapenda kujua kwamba uchunguzi wa vinasaba umeonyesha ubwiri unga wa miti kadhaa ya tropiki, mwembe ukiwamo, una udugu wa karibu mno na ule wa mialoni.)

Uingereza nako kuna kudhoofika kwa ghafla kwa mialoni ambako mwanzoni mtu angedhani ni kazi ya kuvu, kwa sababu shina hutoa madonda yanayochuruzika, lakini wachunguzi walikuta bakteria wakishirikiana na mbawakawa anayechimba chini ya gome. Na katika nchi za Mediterania kuna kuvu, Biscogniauxia mediterranea, inayoishi ndani ya mwaloni wenye afya kwa miaka bila dalili yoyote, mpaka ukame unapoudhoofisha mti. Hapo ndipo gome hupasuka na kuonyesha tabaka jeusi mfano wa makaa. Jambo la aina hiyo tunalo hapa nyumbani. Mgrevilea, mti uliopandwa mipakani mwa mashamba mengi ya Kenya, hupata vidonda vya shina vinavyosababishwa na kuvu za jamii ya Botryosphaeria, hasa katika maeneo makavu, na kuvu hizo pia huweza kukaa ndani ya mti zikiwa kimya. Kumwambia mkulima kwamba "mti umeingiliwa na kuvu" ni kumwambia nusu ya habari. Kuvu ilikuwapo muda wote. Kilichobadilika ni mvua.

Bara letu pia limeshaona mialoni yake ikifa. Waholanzi waliipeleka mialoni ya Ulaya huko Rasi, Afrika Kusini, na mji wa Stellenbosch, ulioanzishwa 1679, unajulikana kwa miti hiyo hadi leo. Mwaka 2017, katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg, mtafiti Trudy Paap alimtambua mbawakawa wa Asia, Euwallacea fornicatus, mwenye urefu wa milimita 2 hivi. Mdudu huyo hali mbao. Jike hubeba kuvu, Fusarium euwallaceae, katika vifuko vilivyomo kinywani, hutoboa shina, huipanda kuvu kwenye kuta za vijia vyake, na yeye pamoja na watoto wake huila. Kuvu ndiyo inayoenea katika mirija ya mti na kuukausha. Mwaloni wa Kiingereza ni mmoja wa miti ambayo mdudu huyo huzaana ndani yake kwa urahisi, na katika miji kama George na Somerset West mialoni mikubwa imekatwa kwa sababu yake. Johannesburg, mji uliojaa miti ya kupandwa kama Nairobi, umeathirika vibaya.

Ninapoipita karakana ya Industrial Area inayogeuza mapaleti kuwa makochi na meza, siku hizi hutafuta alama ya suke la ngano iliyogongwa kwenye mbao. Alama hiyo ikiambatana na herufi HT, maana yake ni kwamba mbao zilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30, kiwango kilichokubaliwa kimataifa ili kuua wadudu waharibifu kabla mzigo haujavuka mipaka. Paleti lisilo na alama hiyo na lililobaki na vipande vya gome halipaswi kuingia mjini, sembuse kuwekwa chini ya mjakaranda.

Kenya yenyewe si mgeni wa misiba hii. Saipresi ya aina ya macrocarpa ilipandwa kwa wingi katika mashamba ya misitu ya nyanda za juu mpaka vidonda vya kuvu vilipoiharibu kiasi cha kuachwa, ikachukuliwa nafasi na saipresi ya Meksiko tunayoiona leo Karura na Kinale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 msonobari wa radiata nao ulipigwa na kuvu ya Dothistroma, inayoacha mikanda myekundu kwenye majani na kuyapukutisha, hata upanzi wake ukasimamishwa na ule wa patula ukapewa kipaumbele. Katika visa vyote viwili tulijibu kwa kubadilisha mti. Lilikuwa jibu la busara kwa wakati wake, lakini lilituacha na mazoea ya kupanda mti wa aina moja juu ya mlima mzima, na mazoea hayo yenyewe ni njia pana kuliko zote kwa kuvu itakayofuata.

Mjini njia ni nyingi na ndogo. Kila mara matawi yanapoondolewa kwenye nyaya za umeme, nimeona mijakaranda ikiachwa na visiki vilivyochanwa, gome likining'inia, na panga lilelile likihamia mti wa pili bila kufutwa. Alex Shigo, aliyefanya kazi na idara ya misitu ya Marekani na kupasua miti mingi sana ili aone ndani ya majeraha yake, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wetu unavyofanya. Huzingira. Hujenga kuta za kemikali na za mbao mpya kuizunguka sehemu iliyoharibika, na uozo ukabaki ndani ya kuta hizo maisha yote ya mti, au ukazivunja. Kinga muhimu iko kwenye kola, ule uvimbe mdogo ambapo tawi huota kutoka shinani. Ukikata nje kidogo ya kola, mti unajifungia. Ukiikata kola yenyewe ili shina lionekane nyoofu, umebomoa ngome kabla ya vita. Shigo alionyesha vilevile kwamba rangi na lami zinazopakwa juu ya majeraha hazizuii uozo. Mnyauko wa mwaloni ni hali ya pekee, kwa kuwa huko rangi humficha jeraha mdudu kwa siku chache tu za hatari. Hapa Nairobi ningependa fedha za rangi zinunue spiriti ya kufutia misumeno, na muda wa kumfundisha mkataji mahali kola ilipo.

Visiki vinahitaji neno lao. Tunapojenga, tunakata mti, tunafukia kisiki, kisha tunapanda mche mpya hatua mbili kutoka hapo. Armillaria, ambayo pia inajulikana vyema na wakulima wa chai wa Afrika Mashariki, hupenda chakula cha namna hiyo. Katika miaka ya 1930 mtafiti R. Leach, akifanya kazi katika mashamba ya chai ya nchi ambayo leo ni Malawi, alipata njia isiyohitaji dawa: ubandue gome kuzunguka shina lote muda mrefu kabla ya kuukata mti. Wanga kutoka majanini hauwezi kushuka tena, mizizi inatumia akiba yake mpaka inaisha, na mti unapoangushwa hatimaye, kuvu hiyo haikuti mizizini chakula cha kuijenga. Kuvu nyingine zisizo na madhara huiwahi. Sijasoma mbinu nyingine ya afya ya miti iliyonifurahisha kiasi hicho, kwa sababu haimpigi adui bali inamnyima mlo, na inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye panga na subira.

Kubwa kuliko yote kwa sasa ni miche. Serikali iliweka lengo mnamo Desemba 2022 la kukuza miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kando ya barabara zetu vitalu vimeongezeka. Ninaunga mkono upanzi huo kwa moyo wangu wote. Lakini kisa cha California kilianzia kwenye chungu cha mche, na mche wenye mizizi mibovu huonekana wa kijani na wa kuvutia mpaka siku utakapopelekwa katika udongo mweusi wa Embakasi, ambao hufurika Aprili na kupasuka Februari. Kwa hiyo, kabla sijalipa, humwomba muuzaji aniruhusu kuuangalia mche kwa ndani, na wengi hukubali wakiombwa kwa adabu. Hutazama kwanza kama mifuko imepangwa juu ya changarawe au vichanja, au imekaa katika tope ambalo maji ya mche mmoja hutiririkia mwingine. Huuliza maji ya kumwagilia hutoka wapi, bombani au kwenye mto ulio bondeni. Kisha huuchana mfuko mmoja upande na kuuvuta mzizi mwembamba kwa vidole viwili: ukiwa mweupe na mgumu kuvutika, hununua, ngozi yake ikivuka na kuacha uzi mtupu wa kahawia mkononi, huulipia ule niliouchana na kuiacha mingine yote ya safu hiyo, nikimweleza muuzaji nilichokiona ili aitenge na ile iliyo mizima.